Kukiri Imani Mbele ya Soko: Ungamo la Accra na Hesabu za Kanisa

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa kanisa, wanafunzi wa theolojia, ndugu zangu katika Kristo,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna Wakristo walivyoukabili ubepari wa dunia ya leo. Ningeweza kuanza na nyaraka za Mapapa, ambazo nitazigusa baadaye kidogo, lakini naona ni haki zaidi tuanzie katika ngome ya Elmina, kwenye pwani ya Ghana. Wareno waliijenga mwaka 1482, Waholanzi wakaitwaa mwaka 1637, na kwa muda mrefu ilikuwa ghala la watu waliosubiri kuvushwa bahari. Mwaka 2004 wajumbe wa makanisa ya Matengenezo kutoka pande zote za dunia, yaani Wapresbiteri na wenzao wanaofuata mapokeo ya Calvin, walikutana Accra katika mkutano wao mkuu, wakaenda kuitembelea ngome hiyo. Waliingizwa katika chumba kilichotumika kama kanisa, na juu ya mlango bado palikuwa na maneno ya Zaburi ya 132, kwamba Bwana ameichagua Sayuni. Chini ya sakafu ya chumba hicho ndiko walikofungiwa watumwa. Waliosali juu walikuwa Wakristo wa mapokeo yaleyale ya wajumbe wenyewe, na hapana shaka wengi wao waliamini kwa dhati kile walichokiimba.

Swali lililowashika wajumbe halikuwa la historia peke yake. Walijiuliza kama sisi nasi hatusali leo juu ya sakafu ambayo chini yake wapo watu tusiotaka kuwasikia. Kutokana na swali hilo walitoa tamko linalojulikana kama Ungamo la Accra. Njia ya kulifikia ilikuwa imeanza mapema: mwaka 1995 makanisa ya Afrika yalikutana Kitwe, Zambia, yakasema kwamba uchumi unaowatenga maskini umekuwa jambo la imani, na mwaka 1997 mkutano mkuu uliofanyika Debrecen, Hungaria, ukayaita makanisa yote kuingia katika safari ya kulitambua na kulikiri jambo hilo. Napenda tukumbuke mpangilio huo, kwa sababu mara nyingi tunadhani hoja za namna hii hutungwa Ulaya kisha zikaletwa kwetu. Hii ilitoka Afrika ikaenda Ulaya, na huko ilipokewa kwa mashaka.

Muundo wa Ungamo hilo unafuata ule wa Azimio la Barmen la mwaka 1934, ambalo Wakristo wa Ujerumani walilitumia kuupinga uongo wa watawala wa Kinazi ndani ya kanisa, na ule wa Ungamo la Belhar, lililoukataa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Kila kifungu kinasema tunaamini jambo fulani, na kwa hiyo tunalikataa jambo fulani. Wanaamini kwamba Mungu ndiye mwenye enzi juu ya viumbe vyote, kwa hiyo wanaukataa mfumo wa uchumi unaodai utii usio na mipaka na unaowageuza watu na ardhi kuwa bidhaa. Tamko lilitaja kwamba mapato ya mwaka ya asilimia moja ya watu matajiri kabisa duniani yalikuwa sawa na ya asilimia 57 ya walio maskini zaidi.

Makanisa kadhaa ya Ulaya yalilalamika kwamba lugha hiyo ni kali mno, hasa pale tamko lilipoutaja mfumo huu kuwa dola, yaani himaya inayotawala wengine, na kwamba uchumi wa soko umewatoa mamilioni ya watu katika umaskini. Malalamiko hayo hayakuwa ya kupuuzwa. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1991, alijiuliza kama ubepari ndio njia inayofaa kupendekezwa kwa nchi maskini, akajibu kwa kutofautisha: kama maana yake ni uchumi unaotambua kazi njema ya biashara, soko, mali binafsi na ubunifu wa mwanadamu, jibu ni ndiyo, kama maana yake ni uhuru wa kiuchumi usiofungwa na sheria imara zinazouweka chini ya utu wa mwanadamu, jibu ni hapana. Mimi naikubali tofauti hiyo. Mama anayeuza vitumbua alfajiri hamtumikii Mamona, yaani mali iliyofanywa mungu, kwa kuwa tu anatafuta faida. Hata hivyo nasimama na Accra katika jambo moja, ambalo wakosoaji wake walilipita haraka: Ungamo hilo halikuishia kuwanyoshea wengine kidole. Lilikiri kwamba makanisa yenyewe na washiriki wao wamenufaika na mfumo huu, wakijua au bila kujua, na kwamba wamo katika hatia yake.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki hatia hiyo ina sura yake. Mwezi Desemba 1857, David Livingstone aliwaambia wasomi wa Cambridge kwamba anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo. Aliamini kwamba biashara halali ingeiua biashara ya watumwa. Kutokana na wito wake ilizaliwa misheni ya Kianglikana ambayo baadaye, chini ya Askofu Edward Steere, ilijenga kanisa kuu pale Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kujenga altare mahali pale lilikuwa tendo la imani, nami siwezi kulidharau. Lakini baada ya soko kufungwa, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kulimwa na watumwa, na karafuu hiyo iliuzwa kama bidhaa halali kabisa. Hali ya utumwa haikuondolewa kisheria visiwani hadi mwaka 1897. Wazee wetu wa imani walitazamia kwamba soko lenyewe lingefanya kazi ya toba. Halikuifanya, na halina uwezo huo.

Ndiyo maana naithamini sana kampeni ya Yubile ya mwaka 2000, ambayo haikulisubiri soko. Ilichukua sheria ya Mambo ya Walawi sura ya 25, ya kuachilia huru katika mwaka wa hamsini, ikaigeuza kuwa dai linaloeleweka hata kwa mawaziri wa fedha: nchi maskini zifutiwe madeni zisiyoweza kuyalipa. Tarehe 16 Mei 1998 watu wapatao 70,000, wengi wao waumini wa kawaida wa parokia na sharika, waliuzunguka mji wa Birmingham wakati viongozi wa mataifa tajiri wakikutana huko. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, alikuwa ameuliza tangu miaka ya 1980 kama ni lazima tuwanyime watoto wetu chakula ili tulipe madeni. Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni Novemba 2001, katika kipindi kilekile ambapo serikali iliondoa ada ya shule za msingi. Wanafunzi waliokuwa chini ya milioni tano mwaka huo walifikia takriban milioni saba mwaka 2004. Madeni yalirudi baadaye, na madarasa yalifurika kuliko walimu waliokuwepo. Lakini watoto wale walisoma.

Kuna jibu jingine la Kikristo, nalo limeenea kuliko yote haya. Ni mahubiri ya mafanikio, yanayofundisha kwamba sadaka ni mtaji na baraka ni faida yake. Mahubiri haya hayaukabili ubepari. Yanaupa zaburi juu ya mlango, na anayepata hasara huambiwa kwamba imani yake ilipungua. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu wanaoyasikiliza ni ndugu zetu wanaobanwa kwelikweli na maisha, na mara nyingi wameyafuata kwa sababu sisi wengine hatukuwa na neno lolote kuhusu kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Neno hilo lipo, na limewahi kufanyiwa kazi. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji vya Ujerumani na Mprotestanti mcha Mungu, aliona wakulima wakinyonywa na wakopeshaji wa riba. Alianza na misaada ya matajiri, kisha mwaka 1864 akaanzisha chama cha wanakijiji wenyewe kuweka akiba na kukopeshana kwa dhamana ya pamoja. SACCOS tulizo nazo katika dayosisi na parokia zetu ni za ukoo huo.

Sasa niziulize SACCOS hizo, na taasisi zetu zote za mikopo, jambo moja. Mitaani kuna mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mkopaji akichelewa marejesho, huja watu kubeba kitanda, jiko la gesi, cherehani. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, lakini Kumbukumbu la Torati 24:6 ilikwisha kukataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kutwaa uhai wa mtu. Cherehani ya fundi ni jiwe lake la kusagia. Naomba kila mzee wa kanisa aliyeketi hapa, anayehudumu katika kamati ya mikopo, afungue fomu ya chama chake asome kifungu cha dhamana, atazame ni vitu gani tumejipa haki ya kuvichukua kwa washirika wetu, na ni nani wa mwisho aliyevichukuliwa. Majibu yaletwe katika vikao vya sharika kabla ya bajeti ya mwaka ujao kupitishwa.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.