Dawa Ile Ile, Mlango Mwingine

(Mhadhara kwa kikundi cha wagonjwa wa saratani na jamaa zao, Kondele, Kisumu)

Akina mama, akina baba, hamjambo? Poleni na safari, hasa nyinyi mliodamka gizani kuja kutoka Bondo na Ahero.

Leo tunazungumzia dawa za saratani zinazoweza kuchomwa chini ya ngozi badala ya mshipani. Nitaanza na mkono. Sisi wauguzi tunaujua mkono wa mtu aliyezoea dripu za kemo, yaani dawa za saratani: mshipa mmoja umekakamaa kama kamba, mwingine umezama, unapapasa huuoni. Kuna mama niliyemchoma mara nne siku moja. Hakulia, alitazama ukuta tu. Zamu iliyofuata hakuja. Nilipompigia simu akaniambia, "Sista, dawa siiogopi. Naogopa kutafutwa mshipa." Tangu siku hiyo, mtu akiniambia njia ya kuingiza dawa ni jambo dogo, simkubalii.

Chukueni trastuzumabu. Katika kila saratani 100 za matiti, kama 15 hadi 20 zina protini ya HER2 kupita kiasi, ile inayoichochea seli igawanyike ovyo. Dawa hii huishika protini hiyo. Kwa ugonjwa wa hatua za mwanzo hutolewa kila wiki 3 kwa mwaka mzima, yaani kama mara 18. Kwa dripu, mara ya kwanza ni dakika 90, halafu 30 mwili ukiizoea, na hapo sijahesabu kupimwa uzito, kuchanganyiwa dawa na kutafutwa mshipa. Ipo ya kuchoma chini ya ngozi ya paja: miligramu 600 kwa kila mtu, mwembamba kwa mnene, dakika 2 hadi 5. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2013, Marekani 2019.

Sasa, dawa hiyo ni mililita 5, kijiko kizima cha chai. Chini ya ngozi hapapokei kwa urahisi maji mengi hivyo. Pana ute mzito unaoshikilia nyama, na nyinyi mnaopika mrenda mnaujua ute wa aina hiyo. Basi ndani ya sindano wametia kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi. Kinalegeza ule ute kwa muda, dawa inapenya na kusambaa, kisha mwili unajitengenezea ute mpya siku moja au mbili baadaye. Mimi nikifikiria hilo hufurahi kila mara.

Na wagonjwa wenyewe wameulizwa. Katika utafiti uliotolewa 2013, wanawake walipewa njia zote mbili kwa zamu, kisha wakachagua. Kati ya 236, waliochagua sindano ya chini ya ngozi walikuwa 216.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa saratani ya uboho, mayeloma. Dawa yake, botezomibu, hutibu vizuri ila huumiza neva: miguu inawaka moto, vidole vinakufa ganzi, mtu hawezi kufunga kifungo cha shati. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha mshipa na ngozi, kipimo kile kile. Waliopewa mshipani, 53 kwa kila 100 walipata madhara ya neva. Chini ya ngozi, 38. Yale makali yalishuka kutoka 16 hadi 6. Saratani ikapungua sawasawa pande zote mbili! Chini ya ngozi dawa huingia damuni polepole, haipandi ghafla, ingawa jumla yake ni ile ile. Kwa hiyo anayedhani sindano ya ngozi ni dawa hafifu, tafadhali aliondoe wazo hilo.

Wazee wangu wenye saratani ya tezi dume, goserelini ni kijipande kinachopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo, kinayeyuka taratibu. Kipo cha siku 28 na kipo cha wiki 12. Cha kwanza ni safari 13 kwa mwaka, cha pili ni 4 au 5. Pigeni hesabu ya nauli ya matatu.

Msitoke hapa mkidai kila dawa iingie hivyo. Doksorubisini, ile nyekundu, ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama hadi kidonda. Ukihisi kuwaka pale ilipochomwa, mwite nesi papo hapo, usimwonee haya. Na chupa ya trastuzumabu ya ngozi haiwekwi kwenye dripu, wala ya dripu haichomwi pajani. Ni dawa moja, matengenezo mawili.

Kliniki ijayo muulize daktari: dawa yangu ina aina ya ngozi, au ya kukaa muda mrefu? Ipo hapa? SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia ipi? Ukianza sindano ya paja, andika kwenye daftari lako: leo kulia, wiki 3 zijazo kushoto. Wakirudi upande ule ule, wasogee angalau sentimita 2.5 kutoka pale pa zamani, na wasichome penye wekundu au ugumu. Nesi ana wagonjwa wengi asubuhi hiyo. Mwonyeshe daftari kabla hajafungua sindano.