Bomba la Intaneti Lipite Ukutani Kabla ya Plasta

Mhadhara kwa wakazi wa nyumba za kaunti, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana mliojaa huko nyuma, hamjambo? Naishukuru kamati ya wakazi kwa kunialika. Ukumbi huu umesikia hoja nzito tangu enzi za mkoloni, hadi watu wakaupa jina la bunge la Waingereza, House of Commons. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja yangu.

Kazi yangu ni mitandao. Navuta nyaya, napanda mapaa, na jioni napigiwa simu na watu wanaouliza mbona intaneti imelala. Kutokana na kazi hiyo nimefika mahali pa kuamini jambo moja, nalo ndilo lililonileta hapa: nyumba inayojengwa au kukarabatiwa kwa pesa za umma isikabidhiwe mpangaji kama haina njia ya intaneti ndani yake, yaani paipu za kupitishia waya. Na njia hiyo iwe mali ya umma. Kampuni zije ziitumie, zilipe, zishindane, lakini zisiimiliki.

Najua kuna mtu hapa anajiambia, simu si tunazo? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Simu imetufikisha mbali. Bila simu, M-Pesa ya mwaka 2007 isingekuwa kitu. Lakini tazama jinsi mkazi wa mitaa yetu kama Bahati au Maringo anavyoipata intaneti kwenye simu hiyo. Ananunua bando la saa moja, au la siku, na likiisha muda wake limeenda, hata kama hakulimaliza. Anayenunua kidogo kidogo hivyo hulipa zaidi kwa kila gigabaiti kuliko aliye na faiba, intaneti ya waya, nyumbani anayelipa kwa mwezi. Halafu bando hilo ni la mtu mmoja. Mama akitoka na simu yake kwenda soko la Gikomba alfajiri, intaneti ya nyumba nzima imetoka naye. Mtoto aliyepewa kazi ya shule ya kutafuta habari mtandaoni anamsubiri mpaka usiku, na usiku mama amechoka na bando limekwisha.

Mnakumbuka mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021. Masomo yakapelekwa redioni, kwenye televisheni na kwenye intaneti. Kuna watoto wa mji huu waliosoma na mwalimu wao uso kwa uso kwenye skrini kila asubuhi, na kuna waliokaa miezi hiyo yote nje ya mlango wakicheza kati. Jiji ni moja, mtihani wa kitaifa ni mmoja. Nikikumbuka mwaka ule moyo unaniuma mpaka leo. Sensa ya mwaka mmoja kabla yake, ya 2019, ilikuwa imeonyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Onyo tulikuwa nalo mkononi.

Na tangu hapo serikali yenyewe imehamia huko. Mwezi Juni 2023 ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma. Ushuru ni mtandaoni, maombi ya chuo ni mtandaoni, na mkopo wa masomo pia. Hata anayetaka nyumba ya mpango wa serikali hujisajili kwenye Boma Yangu, ambayo nayo ni ya mtandaoni. Serikali ikishasema mlango wa ofisi yake uko huko, ina wajibu wa kumfikisha mwananchi mlangoni.

Sasa, shida iko wapi hasa? Haiko baharini. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na leo Kenya haina upungufu wa intaneti ya kuingia nchini. Haiko hata barabarani, kwa maana faiba imefika Jogoo Road. Shida imo kwenye mita chache za mwisho, kutoka barabarani mpaka ukutani kwako. Mita hizo ndizo ghali kuliko zote.

Niwaeleze zinavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua kitu hiki huuziwa maneno. Uzi mmoja wa faiba ukifika kwenye jengo huingia kwenye kigawanyaji, kijisanduku kisichohitaji hata stima, na hapo hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele na bei yake si kubwa. Kinachokula pesa ni kuchimba mtaro, kulipia kaunti ruhusa ya kupitisha waya, kukodi nguzo za stima, kutoboa kuta, na kumlipa fundi atakayeshinda siku nzima kwenye ngazi. Kampuni inapiga hesabu: nyumba ngapi hapa zitalipa kila mwezi bila kukosa? Ikiona mtaa wa kanjo, yaani wa kaunti, inapita, inaenda Kilimani kwa wenye pesa. Silaumu kampuni kwa kupiga hesabu yake. Nalaumu mwenye nyumba, ambaye hapa ni umma, kwa kutopiga ya kwake.

Jengo jipya lingeweza kuondoa karibu gharama yote ya ndani. Kinachotakiwa ni kitu cha kawaida mno. Paipu la plastiki litoke barabarani liingie chini ya jengo, kwenye chumba kidogo chenye kufuli na mita ya stima ya pamoja. Kutoka hapo, njia ya wima ipande kando ya ngazi mpaka ghorofa ya mwisho. Kila ghorofa, paipu dogo liingie kila nyumba na kuishia kwenye kisanduku cha ukutani sebuleni, karibu na soketi ya stima, maana rauta, kile kifaa cha kusambaza waifai, isiyo na soketi karibu ni mapambo. Ndani ya kila paipu iachwe kamba ya kuvutia waya. Na njia ya wima iwe na paipu mbili za akiba, ili kampuni ya pili na ya tatu zisikute pamejaa. Basi. Kwenye ujenzi wa ghorofa, kazi hiyo ikifanywa kabla ya plasta gharama yake haitambuliki kwenye hesabu. Ikifanywa baada ya watu kuhamia, ni kutoboa, vumbi, ugomvi na msimamizi wa jengo, na nyaya zinazoning'inia kwenye ngazi zikigusa vichwa vya watoto.

Tunalielewa jambo hili vizuri tukizungumzia maji. Hakuna anayejenga ghorofa kumi halafu akawaambia wapangaji kila mmoja atafute kampuni ya kumpandishia bomba lake kutoka nje kupitia dirishani. Bomba hujengwa na jengo, nalo hubaki la jengo hata ikibadilika mamlaka inayouza maji.

Wala hili si wazo la ndoto. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014, ulitaka kila jengo jipya ambalo ombi la kibali chake lingepelekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2016 liwe na njia za ndani za intaneti ya kasi. Marekani, Desemba hiyohiyo ya 2016, wizara yao ya nyumba ilitoa kanuni kwamba majengo ya kupangisha yanayojengwa upya au kukarabatiwa sana kwa fedha zake yawekewe miundombinu ya intaneti.

Marekani wanatufundisha na jambo la pili. Walikuwa na mpango mwingine, wa ruzuku: familia yenye kipato cha chini ikipunguziwa hadi dola 30 kwa mwezi kwenye bili yake. Zaidi ya familia milioni 20 zilijiandikisha. Bunge halikuongeza fedha, na mwanzoni mwa Juni 2024 mpango ukakoma. Ile kanuni ya majengo, kwa upande wake, hata ikifutwa kesho, paipu zilizokwishawekwa ukutani hazitang'olewa. Ndiyo maana mtu akija kwenu na ahadi ya intaneti ya bure kwa miezi sita, mshukuruni, lakini mwulizeni kwanza nini kitabaki mwezi wa saba.

Kwetu sheria haiko mbali. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Sheria yenyewe inasema ushuru huo ni wa nyumba pamoja na miundombinu inayoandamana nazo. Siku hizi, intaneti isipohesabiwa miundombinu, ni nini? Wale walioajiriwa humu wameshalipia paipu hizi kwenye payslip zao. Na kuna mitaa ya kaunti iliyokwisha bomolewa na kujengwa upya, kama Pangani, na mingine humu Eastlands inayopangiwa hivyo. Kila mchoro unaopita bila njia hiyo ni deni la miaka hamsini.

Kuhusu umiliki nitasisitiza kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Kuna mtaa mmoja nilioufanyia kazi, wenye majengo mapya mazuri, ambapo kampuni moja ilipatana na wasimamizi na ikaweka nyaya zake. Ikawa hakuna nyingine inayoruhusiwa kupita getini. Intaneti ikikatika, mkazi hana pa kuhamia. Bei ikipanda, hana pa kuhamia. Kuna na mitaa ambayo fundi hakanyagi mpaka kundi fulani la vijana lipewe chochote, na chochote hicho huishia kwenye bili yako. Njia ikiwa ya umma, ikisimamiwa na kamati ya wakazi pamoja na kaunti, na ada yake ikiwa moja na kubandikwa ukutani, milango yote miwili hiyo ya ulaji inafungwa. Vijana wetu wapewe kazi halali ya kutunza chumba kile na kuunganisha nyumba. Ni ufundi unaofundishika, na nitakuwa tayari kuufundisha.

Mtaniuliza bei. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Tuilete hesabu hiyo mtaani. Sheria yetu inasema nyumba za kijamii ni za wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Asilimia 2 ya 20,000 ni shilingi 400. Kifurushi cha kawaida cha faiba kwa muda mrefu kimekuwa karibu 3,000, yaani asilimia 15 ya kipato cha mtu huyo. Hawezi, na tusijidanganye kwamba akihamasishwa ataweza. Lakini jengo zima likinunua pamoja, kwa jumla, nyumba 60 zikitoa 400 kila moja, kuna shilingi 24,000 mezani kila mwezi, na njia za ndani tayari zimelipiwa. Hapo kampuni inakaa kuongea na wakazi kama mteja mmoja mkubwa. Watu hawatumii intaneti wote kwa dakika moja, kwa hiyo laini moja nzuri hutosha wengi kuliko mnavyodhani.

Na sisi wa nyumba za zamani? Kaloleni hii, Jericho, Maringo, hatuwezi kukaa tukisubiri tingatinga ndipo tupate intaneti. Kwetu njia nyepesi ni mawimbi ya redio. Antena ipandishwe mahali pa juu palipo na faiba, pengine jengo la umma, iwatazame wakazi, na kutoka hapo isambazwe kwa waifai. Masafa ya waifai hayahitaji kununuliwa, na antena mbili zinazoonana bila kizuizi hupitisha mawimbi kilomita kadhaa. Kibera wamefanya hivyo: mtandao wa jamii wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya jamii kwa mtindo huu. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ilitoa mwaka 2021 mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii, kwa hiyo kikundi cha wakazi kilichosajiliwa kinaweza kuwa mtoa huduma halali. Setilaiti ya Starlink ilipoingia nchini 2023 wengi walidhani imemaliza shida, lakini mwishoni mwa 2024 ilisimamisha kwa muda wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo wake hapa ulikuwa umejaa. Ni nzuri kwa Marsabit. Kwa mji uliobanana hivi, ardhini ndiko kwenye nafasi.

Tahadhari mbili za haraka. Stima ikipotea, vifaa vya pamoja viwe na betri, la sivyo jengo zima linazimika na lawama zinaangukia kamati. Na yeyote atakayesimamia mtandao asiweke kumbukumbu za nani ametembelea nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda, na mwenye nyumba wenu hana haki ya kuwachungulia.

Kaunti ikiitisha kikao cha maoni ya umma kuhusu kujenga upya mtaa wowote, nendeni, na msiishie kuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Ombeni michoro ya stima na mawasiliano iwekwe mezani. Ulizeni njia ya wima iko wapi, ina paipu ngapi, kisanduku cha sebuleni kiko ukuta gani, na mkataba unasema paipu hizo ni za nani baada ya mjenzi kuondoka. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na mpewe nakala. Mkitaka mtu wa kuwasomea michoro hiyo, nitakuja, na sitatoza. Sasa nasikiliza maswali, na ningeomba tuanze na akina mama wa huku mbele.