Faili Likigoma Kuingia kwenye Sampla

Habari za mchana, jamani. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mpiga ngoma mmoja alinirekodia ngoma ya msondo kwa simu, akanitumia kwa WhatsApp. Mlio mtamu, ngozi imekazwa, unasikia hadi kiganja kinavyotua. Nikaliburuta faili kwenye sampla, ile programu ya kupigia milio iliyorekodiwa, likagoma. Nikatazama jina, mwishoni pameandikwa ogg. Nikasema kumbe shida ni hii! Nikafuta ogg, nikaandika wav. Likagoma tena. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikaiondoa sampla, nikaipakia upya. Usiku ukaisha hivyo, na mimi ndiye mnayenilipa kwa kazi hii. Chekeni tu.

Ukibandika lebo ya mafuta ya nazi kwenye chupa ya mafuta ya taa, utajua ukishakaanga samaki. Zile herufi tatu baada ya nukta ni lebo. Kubadilisha lebo hakubadilishi kilichomo.

Tazameni ukutani. Hili ni faili lile lile la msondo, lina jina la wav, nalifungua kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows. Takataka tupu, ndiyo, lakini someni herufi nne za mwanzo: OggS. Sogea kidogo: OpusHead. Limejitaja lenyewe: ni Opus, aina ya sauti iliyobanwa, ndani ya kasha la Ogg! Sasa hili la pili, kiki, yaani mlio wa ngoma kubwa, ya WAV ya kweli: RIFF, takataka kidogo, halafu WAVE. AIFF ya Apple huanza na FORM. MP3 mara nyingi ID3. Rekodi za m4a za iPhone zina neno ftyp karibu kabisa na mwanzo. Ukishaona, funga bila kuhifadhi. Ukihifadhi, Notepad inaweza kuliharibu faili na hutalipata tena.

Dawa ni kuligeuza kweli kweli. Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Kwa m4a itabidi uiongezee FFmpeg, programu ya kugeuza faili za sauti na video, na kwa Opus pia kama Audacity yako ni toleo la zamani. Anayependa kuandika amri, hii inatosha:

ffmpeg -i msondo.ogg -ar 44100 -c:a pcm_s16le msondo.wav

Ila kugeuza hakurudishi kilichopotea. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umeshabanwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwambie mwenzio arekodi kwa programu ya kurekodia, kisha alitume faili kama dokumenti. Hapo linafika kama lilivyotoka.

Sasa, kuna WAV halali kabisa na bado sampla inaikataa. WAV ni kasha tu, Microsoft na IBM walilileta mwaka 1991, na ndani ya kasha unaweza kuweka PCM, yaani sauti isiyobanwa, ya biti 16, ya biti 24, floti (namba zenye desimali) ya biti 32, hata MP3. Hapa nasema biti za kompyuta, siyo biti zenu za singeli, msinichanganye. Sampla ya zamani ikikutana na floti inaweza kukataa, au ikakupa mvumo kama wa redio isiyoshika stesheni. Toa faili upya kama PCM ya biti 24, na ikigoma bado, 16. Ngoma ya biti 16 hakuna atakayeilalamikia.

Kuna kosa linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halitoi onyo: faili linaingia, linalia, lakini limepotoka. Sauti iliyotoka kwenye video kwa kawaida ina vipimo 48,000 kwa sekunde. Mradi wako uko 44,100. Sampla isiyosoma kichwa cha faili, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwake, italipiga kwa kasi ya mradi, na mlio utashuka karibu nusutoni moja na nusu. Sekunde 10 zinakuwa karibu 10.9. Utakaa unamlaumu mpiga kinanda bure. Na lupu, kipande cha kurudiarudia, ya MP3 inayochechemea kila ikirudi mwanzo? Mara nyingi ni ukimya ulioongezwa wakati wa kubana. Kwa LAME, programu ya kutengenezea MP3, ni kama milisekunde 25. Ukate, au anza na WAV.

La mwisho, hili la flashi. Mwenye Mac akikupa flashi, kwenye Windows utaona kiki01.wav, na pembeni ._kiki01.wav, ndogo, kilobaiti 4 hivi. Hiyo ya pili haina sauti hata chembe. Ni kumbukumbu ambazo Mac hujiwekea. Sampla inaiona ni wav, inajaribu kuifungua, inakuletea kosa. Futa zote zinazoanza na nukta na mstari wa chini, ukiacha zile za kweli.

Mkono ule nauona, dada. Faili lako linaanza na nini ukilifungua? Hujaangalia? Basi njoo na flashi yako hapa mbele tulifungue wote.