Kuna Nini Ndani ya Bikari? Kufundisha Mimenyuko ya Kikemikali Katika Mimumunyo ya Maji

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia mada ambayo wanafunzi wa sekondari huikariri kuliko wanavyoielewa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ugumu wa mimenyuko ya ndani ya maji uko katika kusawazisha milinganyo, hivyo nikatumia vipindi vingi kuwazoeza wanafunzi kuhesabu atomi za upande huu na za upande ule. Walisawazisha vizuri, lakini nilipowauliza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya bikari, wengi walinyamaza. Naomba leo niwashawishi kwamba swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia, na mlinganyo uje nyuma yake.

Ukitaka kujua mwanafunzi anafikiri nini, mwombe achore. Mwambie achore kile ambacho angekiona ndani ya tone la maji ya chumvi kama macho yake yangeweza kuona atomi. Wengi huchora jozi za sodiamu na klorini zilizoshikana, zikielea kati ya molekuli za maji, kana kwamba punje ya chumvi imesagwa tu ikawa ndogo zaidi. Mchoro huo una kosa, lakini ni kosa ambalo hata wataalamu waliwahi kuling'ang'ania. Svante Arrhenius wa Uswidi aliwasilisha tasnifu yake kuhusu upitishaji wa umeme katika mimumunyo mwaka 1884 katika Chuo Kikuu cha Uppsala, akapewa alama ya chini. Alipoikuza hoja yake katika miaka iliyofuata, akisema wazi kwamba chumvi inapomumunyika hutengana na kuwa chembe zenye chaji, yaani ioni, wapo waliouliza: sodiamu ni metali inayowaka kwa nguvu ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu, sasa vitu hivyo vinakaaje kwa utulivu ndani ya glasi moja? Mwaka 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwanafunzi anapouliza swali hilohilo darasani, mwambie kwamba ameuliza swali zuri, kisha umweleze kuwa atomi ya sodiamu ikishapoteza elektroni moja hubadilika tabia kabisa, na kwamba ioni iliyobaki haina haja tena ya kugombana na maji.

Maelezo hayo yahitaji ushahidi. Chukua betri ya volti 9, balbu ndogo na elektrodi mbili za kaboni. Katika maji yaliyokenekwa balbu haiwaki, katika mmumunyo wa sukari haiwaki, na katika mmumunyo wa chumvi inawaka. Usiharakishe kueleza. Waache wanafunzi wabishane wenyewe kwa nini sukari, ambayo nayo imemumunyika na kutoweka machoni, imeshindwa kufanya kile ambacho chumvi imekiweza.

Baada ya hapo ndipo mashapo, yaani yabisi inayojitenga ndani ya mmumunyo, yanapata maana. Tunapochanganya mmumunyo wa nitrati ya fedha na ule wa kloridi ya sodiamu, mashapo meupe ya kloridi ya fedha hutokea papo hapo, kwa sababu kiwanja hicho hakimumunyiki ila kwa kiasi kidogo mno, takribani miligramu 2 katika lita nzima ya maji. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, akiwa ameishika neli ya majaribio mkononi: "Mwalimu, nitrati ya sodiamu tuliyoiandika kwenye mlinganyo iko wapi?" Nilimjibu kwamba imo ndani ya maji, na jibu langu halikumtosha, na hakukosea kutotosheka. Nilipaswa kumwambia kwamba ioni za sodiamu na za nitrati zilikuwa huru kabla ya kuchanganya na zimebaki huru baada ya kuchanganya, wala hakuna kitu kipya kilichoundwa nazo. Ndiyo maana tunaziita ioni watazamaji. Kilichotokea kweli ni ioni ya fedha kukutana na ioni ya kloridi, na mlinganyo wa ioni unaandika tukio hilo peke yake.

Kipimo kizuri cha uelewa ni kuwapa wanafunzi mimumunyo ya kloridi ya sodiamu na nitrati ya potasiamu waichanganye. Wengi wataandika kwa haraka kwamba imepatikana nitrati ya sodiamu na kloridi ya potasiamu, ilhali ndani ya bikari hakuna mmenyuko wowote, kwa kuwa aina zote nne za ioni zinaogelea kama zilivyokuwa. Mwanafunzi anayethubutu kuandika "hakuna mmenyuko" ameelewa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahusu haidroksidi ya bariamu na asidi ya salfuriki, zote zikiwa zimezimuliwa sana. Weka haidroksidi hiyo, ambayo ni alikali, ndani ya bikari pamoja na matone machache ya fenolfthaleni, kiashiria kinachokuwa cha waridi ndani ya alikali, tumbukiza elektrodi, na balbu itawaka juu ya mmumunyo wa waridi. Anza kudondosha asidi taratibu huku ukikoroga. Mashapo meupe yanajitokeza, mwanga unafifia, na mara rangi ya waridi inapotoweka balbu nayo inazimika. Hapo simamisha somo, uulize ioni zimekwenda wapi. Za bariamu na salfeti zimeshikana zikawa mashapo, za haidrojeni na haidroksidi zimeungana zikawa maji, na kwa mara moja hii hakuna mtazamaji aliyesalia wa kubeba chaji. Ukiendelea kudondosha asidi balbu inawaka tena, na nimeona wanafunzi waliokuwa kimya muhula mzima wakisimama kueleza sababu bila kuitwa.

Kwa asidi na besi nyingine, tumia kipimajoto. Changanya mililita 50 za asidi ya haidrokloriki na mililita 50 za haidroksidi ya sodiamu, kila moja ikiwa na moli 1 kwa lita, na halijoto itapanda kwa karibu nyuzi 7 za Selsiasi. Rudia kwa asidi ya nitriki na haidroksidi ya potasiamu, na utapata karibu kiasi kilekile, kwa sababu katika hali zote mbili kinachotokea ni kuundwa kwa maji, ambako hutoa takribani kilojuli 57 kwa kila moli. Chupa zina majina tofauti, mmenyuko ni mmoja.

Nikumbushe pia mambo machache ya kazi. Wakatazeni wanafunzi kuivunja ioni ya salfeti kuwa salfa na oksijeni, kwani husafiri ikiwa nzima. Asidi dhaifu, kama ile ya siki, msiiandike kana kwamba imetengana yote, kwa kuwa sehemu yake kubwa hubaki kuwa molekuli. Misombo ya bariamu inayomumunyika ni sumu, na nitrati ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi, kwa hiyo miwani na glavu zivaliwe, na mabaki yakusanywe katika chombo chake badala ya kumwagwa kwenye sinki.