Vitamini D, insulini na ovari: mhadhara kwa akina mama, Chake Chake

Assalamu alaykum mama zangu na dada zangu. Vikaratasi vya maswali vimeshafika mbele, na vingi vinauliza jambo moja: mwenye PCOS, yaani ugonjwa wa kuvurugika kwa homoni unaogusa ovari na hedhi, aliyepimwa akaambiwa vitamini D iko chini, akimeza vidonge atapona? PCOS haitaondoka kwa vidonge hivyo. Lakini kama upungufu upo kweli, uzibwe, na uzibwe kwa kipimo.

Kwanza tuwe na uhakika kwamba ni PCOS. Kwa mtu mzima daktari hutazama mambo 3 na kutaka angalau 2: hedhi inayochelewa au kukatika, homoni za kiume kuzidi, iwe kwa ndevu na chunusi nzito au kwa kipimo cha damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasound. Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotolewa na vifuko vya ovari, kinaweza kushika nafasi ya ultrasound. Tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, nazo zipimwe, maana zikivurugika huleta dalili zinazofanana. Vile vifuko ni mayai yaliyokwama kabla ya kupevuka. Si uvimbe wa kukatwa, kwa hiyo anayekuita upasuaji wa kuving'oa, tafuta daktari wa pili.

Kiini cha tatizo kwa wengi ni insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari ya damu mwilini. Misuli haiitikii vyema, kongosho linaongeza, damu inajaa insulini. Insulini hiyo ikifika kwenye ovari inazichochea zitoe homoni ya kiume zaidi, na kwenye ini inapunguza protini inayoifunga homoni hiyo isizurure. Ndevu na sukari, basi, zinaweza kutoka shina moja. Weusi wa shingo na kwapa ni dalili ya insulini hiyo. Hautoki kwa singo hata ukasuguliwa wiki nzima.

Vitamini D inaingiaje? Kongosho, misuli na ovari zote zina vipokezi vyake, na wenye upungufu mara nyingi ndio wenye insulini nyingi. Hapa twende polepole. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, hivyo uzito ukizidi kipimo cha damu hushuka, na uzito huo huo ndio unaopandisha insulini. Mambo mawili yanaweza kufuatana bila ya moja kulizaa jingine. Majaribio kwa wanawake wenye PCOS mengi ni madogo na majibu yamechanganyika. Jaribio kubwa la Marekani la 2019 liliwapa watu walio karibu na kisukari yuniti 4,000 kila siku. Kisukari hakikupungua kiasi cha kuthibitika. Ila wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, kwa hiyo halifungi mlango kwa mwenye upungufu mkubwa.

Mtasema, Pemba na jua lote hili? Miale inayotengeneza vitamini D haipiti kioo cha dirisha, na baibui nzito huizuia karibu yote. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi. Lile jua la saa 1 asubuhi tunalolisifu ni laini, lakini miale hiyo ni michache mno. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua linafanya kazi. Kwetu ni kama saa 4 hadi saa 9 mchana. Mwenye ua wenye ukuta anaweza kuacha wazi mikono na miguu kwa robo saa au zaidi, siku kadhaa kwa wiki, bila kungoja ngozi iungue. Chakulani, vibua, jodari, dagaa na kiini cha yai husaidia. Nazi haina.

Sasa kipimo, ndipo makosa mengi yanapotokea. Kinachopimwa ni 25-hidroksi vitamini D. Chini ya 20 kwa nanogramu (ng/mL) ni upungufu, na hiyo ni sawa na 50 kwa nanomoli (nmol/L). Karatasi ikisema 45, soma kizio kilichoandikwa pembeni kabla ya kufurahi au kulia. Kwenye chupa pia, mikrogramu 1 ni yuniti (IU) 40, hivyo mikrogramu 25 ni yuniti 1,000.

Daktari akithibitisha upungufu, utaratibu mmoja uliozoeleka ni yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, kisha 1,500 hadi 2,000 kila siku. Mwenye unene mkubwa huenda akahitaji mara 2 au 3 ya hapo. Bila ya kusimamiwa, usizidishe 4,000 kwa siku. Kosa linaloumiza ni kumeza kidonge cha wiki kila siku: kalsiamu hupanda, kiu haiishi, choo kinakuwa kigumu, kichefuchefu, na mawe kwenye figo. Mwenye dawa za kifafa au rifampisini ya kifua kikuu aseme mapema, kwani hupunguza vitamini D mwilini.

Sukari nayo isisahaulike. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula pekee huwaponyoka wengi wenye PCOS. Omba kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa 2: milimoli 7.8 hadi 11.0 ni onyo, 11.1 na zaidi ni kiwango cha kisukari. Metfomini, dawa ya kuteremsha sukari, ukiandikiwa, anza na miligramu 500 pamoja na chakula na upande taratibu, la sivyo tumbo litakufukuza uiache. Hedhi ikipita siku 90 bila kuja, na mimba haipo, usikae nyumbani, kwa sababu ukuta wa kizazi unazidi kuwa mnene.

Aliyeuliza kuhusu Ramadhani: vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, basi imeze pamoja na futari au daku yenye samaki au mayai, si kwa maji matupu. Rudia kipimo baada ya miezi 3, kwenye maabara ile ile.