Namba za Mchochota Katika Damu na Maisha Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Umio

Madaktari wenzangu, wauguzi, na hasa ndugu zetu wa maabara ambao kazi yao ndiyo tutakayoichambua leo, chukueni kalamu. Mgonjwa ana saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, na anasubiri upasuaji. Majibu yake ya damu, ambayo tutayatumia kupima mchochota, yaani mwitikio wa mwili wa kujihami, ni haya: chembe nyeupe 7.5 kwa mabilioni katika lita, na miongoni mwake neutrofili asilimia 64, limfosaiti asilimia 20, monosaiti asilimia 8; chembe sahani, zile za kugandisha damu, 330. CRP, protini ya ini inayopanda mchochota ukiwepo, ni miligramu 18 kwa lita; albumini, protini kuu ya damu, gramu 32 kwa lita.

Kwanza geuza asilimia ziwe idadi kamili: neutrofili 4.8, limfosaiti 1.5, monosaiti 0.6. Gawanya neutrofili kwa limfosaiti upate 3.2, huo ndio uwiano unaoandikwa NLR. Chembe sahani kwa limfosaiti ni 220, yaani PLR. Limfosaiti kwa monosaiti ni 2.5. Ukizidisha chembe sahani kwa NLR unapata 1056, namba inayoitwa SII. Alama ya Glasgow ya ubashiri iliyorekebishwa hutazama CRP kwanza: ikiwa 10 au chini yake, alama ni 0 hata kama albumini iko chini. Ikizidi 10, alama ni 1, na albumini ikiwa chini ya 35 inakuwa 2. Huyu wetu ana 2. Kipo pia kipimo cha Onodera cha lishe: albumini kwa gramu katika lita, jumlisha limfosaiti mara tano. Hapa ni 32 na 7.5, jumla 39.5, na wengi huanza kuwa na wasiwasi chini ya 45.

Mtaona kwamba tano kati ya namba hizi sita zina limfosaiti ileile iliyovalishwa nguo tofauti. Anayeniletea makala yenye viashiria sita na kusema vyote sita vimekubaliana, mimi nahesabu shahidi mmoja au wawili.

Kwa nini namba hizi zifungamane na uhai wa mgonjwa? Uvimbe na tishu zinazouzunguka humwaga ishara, kubwa ikiwa ni interlukini-6. Ini likiipokea hutengeneza CRP kwa wingi na kupunguza albumini. Uboho husukuma neutrofili na chembe sahani, na hizi huusaidia uvimbe kujenga mishipa na kuzificha seli zake zinaposafiri. Limfosaiti, zilizo askari wa kuushambulia, hupungua. Kwa hiyo katika makundi makubwa, walioingia chumba cha upasuaji na NLR ya juu au alama ya Glasgow ya 2 wameishi muda mfupi kuliko wenzao. Hilo limeonekana mara nyingi, hasa katika tafiti za Uchina na Japani, na sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapochukua mpaka uliotumika kule na kuubandika ukutani Moshi, Eldoret, Bomet au Mbarara, katika ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki ambako saratani ya umio ya aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa umio, imeshamiri. Mipaka ya NLR katika machapisho inatoka 2 hadi 5. Inatofautiana hivyo kwa sababu mara nyingi mtafiti huchora mstari pale unapotenganisha vizuri wagonjwa wake mwenyewe, kisha huupima mstari huo kwa wagonjwa walewale. Ukiupeleka kwa wengine, nguvu yake hupungua.

Kwetu kuna jambo la ziada. Watu wengi wenye asili ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy, protini fulani, kwenye chembe nyekundu. Badiliko hilohilo la jeni linalomkinga mtu dhidi ya malaria ya vivax hufanya neutrofili zinazozunguka kwenye damu ziwe chache, bila kuwa na ugonjwa wowote. Uboho ni mzima na maambukizi yakija unajibu. Mchukulie mtu ambaye kawaida yake ni neutrofili 1.8 na limfosaiti 1.8. NLR yake ni 1. Uvimbe ukimwongezea neutrofili maradufu atafika 2, na mpaka wa 3 kutoka Asia utamwita salama. Amepanda mara mbili ya kawaida yake na hakuna aliyemwona. Ndiyo maana namba ya mgonjwa huyuhuyu ya zamani, kama ipo kwenye kadi yake, ina thamani kuliko mpaka wa kitabuni.

Sasa tiba kabla ya upasuaji. Katika utaratibu wa jaribio la CROSS la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2012, mgonjwa hupewa dawa za saratani karboplatini na paklitakseli kila wiki kwa wiki tano pamoja na mionzi ya gray 41.4 (gray ni kipimo cha mionzi) katika vipindi 23, kisha hupasuliwa. Nusu ya waliopata tiba hiyo waliishi zaidi ya miezi 49, wakati kwa waliopasuliwa tu nusu walivuka miezi 24. Tiba ni nzuri, lakini angalia inavyoifanya damu. Mionzi ya kifua inapita kwenye moyo, mishipa mikubwa na uti wa mgongo, na limfosaiti hufa kwa mionzi kidogo sana. Mgonjwa akimaliza na neutrofili 3.0 na limfosaiti 0.4, NLR ni 7.5. Uvimbe wake huenda umeyeyuka kabisa! Kwa hiyo NLR ya kabla ya mionzi na ya baada ya mionzi haziwekwi kwenye safu moja ya daftari. Kuna pia deksamethasoni, dawa ya steroidi, anayopewa kabla ya paklitakseli: ndani ya saa chache hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti. Damu ya kiashiria ichukuliwe kabla ya sindano hiyo.

Mengine yanayopotosha namba hizi nayapitia haraka. Malaria hushusha chembe sahani na kupandisha CRP. Virusi vya UKIMWI hupunguza limfosaiti. Mgonjwa anayepaliwa usiku kwa sababu umio umeziba anaweza kuwa na nimonia ndogo ambayo ndiyo inayosema kwenye CRP. Aliyekosa maji mwilini huonyesha albumini ya juu kuliko ukweli, na siku mbili za dripu humteremsha.

Ndugu wa maabara, hapa ni penu. Mashine ya sehemu tatu, inayogawa chembe nyeupe katika makundi matatu, mara nyingi haikupi neutrofili peke yake. Inakupa granulosaiti, ambazo zimechanganya na eosinofili, na palipo na minyoo na kichocho kosa hilo si dogo. Monosaiti nazo zimo katika kundi la seli za ukubwa wa kati, hivyo uwiano wa limfosaiti kwa monosaiti usihesabiwe kabisa kwenye mashine hiyo. Chembe sahani zikishuka ghafla bila sababu, tazama kioo kwa hadubini: huenda zimeshikana kwa sababu ya EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo katika tyubu ya zambarau. Rudia kwa tyubu ya sitreti yenye kifuniko cha bluu, kisha zidisha jibu kwa 1.1 kufidia maji ya dawa. Na albumini: rangi ya bromokresoli ya kijani hushika pia protini nyingine na kusoma juu kuliko ile ya zambarau, hasa albumini ikiwa chini. Maabara ikibadilisha kitendanishi, mgonjwa anaweza kuvuka mstari wa 35 bila mwili wake kubadilika. Andikeni njia iliyotumika.

Je, NLR ya juu imnyime mtu upasuaji? Hapana. Kina cha uvimbe, tezi za limfu zilizoshikwa, na kama kingo za kipande kilichotolewa ni safi, hayo yanaamua zaidi. Alama ya Glasgow ya 2 kwangu ni amri ya kutafuta maambukizi na kulisha: aliyekonda sana apewe siku 7 hadi 14 za lishe, kwa mpira ikibidi, akianzishiwa thiamini (vitamini B1) kabla ya wanga na fosfeti ikifuatiliwa. Albumini ya dripu hutengeneza namba ya kwenye karatasi tu.

Baada ya upasuaji mambo hugeuka, na hapa ndipo ningependa muelekeze nguvu zenu. Mfuko wa tumbo umevutwa juu na kushonwa kwenye umio uliobaki, kifuani au shingoni. Takriban mgonjwa mmoja katika kumi mshono huo huvuja, na kuvuja huua mapema na pia hufupisha maisha ya waliopona. NLR siku hizo haina maana. Kisu chenyewe kimeipandisha. CRP ndiyo ya kufuata. Siku ya upasuaji ihesabiwe 0, pima kila asubuhi kuanzia siku ya 1. Itapanda na kufika kilele siku ya 2 au ya 3, mara nyingi juu ya 150, na hilo peke yake lisimtishe mtu. Nusu ya CRP hutoweka kwa saa 19 hivi ikiwa kichocheo kimekoma, kwa hiyo siku ya 4 na ya 5 lazima iwe inateremka waziwazi. Ikiganda juu ya 150, au ikiteremka kisha ikapanda tena, usiandike "endelea kuangalia". Tazama mpira wa kifua: majimaji yamekuwa mazito, yana rangi ya mate au nyongo? Fungua kidonda cha shingo kikiwa chekundu. Mapigo ya moyo yakianza kwenda ovyo siku hizo, fikiria kuvuja kabla ya kufikiria moyo. Omba CT skani yenye dawa ya kumeza inayoyeyuka majini, au endoskopi mikononi mwa mzoefu.

CRP ya chini siku ya 5 inaondoa shaka vizuri kuliko ile ya juu inavyothibitisha, maana nimonia nayo huipandisha. Kwa mgonjwa ambaye ini limechoka, CRP huweza kubaki chini huku mshono umeachia.

Kuna swali limeandikwa kwenye karatasi: tukishusha mchochota kwa dawa kabla ya upasuaji, mgonjwa ataishi zaidi? Mpe deksamethasoni: CRP itashuka na NLR itapanda, kwa mtu mmoja, wiki moja, na uvimbe uko palepale. Kinachoshughulikiwa ni chanzo. Meno yaliyooza yang'olewe na kinywa kisafishwe kila siku, kwa kuwa wadudu wa kinywani ndio wanaoshuka kwenye mapafu baada ya upasuaji. Malaria itibiwe, sigara iachwe wiki nne au zaidi kabla, chakula kipite. Kisha pima tena, kwa mashine ileile.