Anza na Maji: Kupaka Rangi Vijisanamu vya Mchezo wa Vita
(Mhadhara uliotolewa Lamu)

Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mtu akitaka kuinua kiwango chake katika kupaka rangi vijisanamu, hawa askari wa milimita 28 tunaowapanga mezani, hukimbilia kununua chupa zaidi za rangi. Mimi nasema aanze na maji. Kasoro nyingi za kazi zetu hapa mwambao zinatokana na maji: yaliyomo hewani, yaliyomo kwenye rangi, na yale yaliyobebwa na brashi.

La hewani nalipita haraka. Praima ya kopo, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, ikipulizwa siku ya unyevu mwingi, au kutoka mbali kupita sentimita 30, mara nyingi hutua kama vumbi na uso ukawa na chengachenga kama msasa. Hapo hakuna rangi itakayotulia. Ni heri praima ya akriliki ya kupaka kwa brashi, tabaka moja jembamba, iachwe usiku kucha. Kabla yake, kisanamu cha resini kisuguliwe kwa mswaki wa meno, maji vuguvugu na sabuni, maana hutoka na mafuta ya kalibu, na mshono wa kalibu, ule mstari unaobaki pale vipande vya kalibu vilipokutana, ukwanguliwe kwa mgongo wa kisu. Mshono ulioachwa utajitokeza zaidi kila ukipitisha brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa rangi karibu yote.

Sasa rangi. Kwa tabaka la kwanza, matone mawili ya rangi kwa tone moja la maji ni pa kuanzia, kisha uijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Mstari ukikatika, rangi ni nzito. Ukitambaa pembeni, ama maji yamezidi kwenye rangi ama brashi imelowa mno, na haya mawili watu huyachanganya. Rangi yaweza kuwa sawa kabisa, lakini brashi imebeba tone zima tumboni, na tone lile likigusa shavu la askari linamwagikia jichoni. Kwa hiyo brashi ikishachovywa, ubavu wake uguse tishu mara moja, ndipo iende kwenye kazi. Kama kuna zoezi moja la kumpa mwanafunzi mwezi mzima, ni hilo.

Brashi ndogo kabisa si dawa. Nambari 000 hubeba rangi kidogo mno, na kwa joto letu, kusi ikivuma dirishani, inakauka kabla haijafika. Nambari 1 yenye ncha nzuri huchora jicho vizuri zaidi. Isichovywe kupita nusu ya manyoya, kwani rangi ikikaukia kwenye shina, ndani ya kile kibati kinachoyashika manyoya, manyoya hutawanyika na ncha hairudi tena. Na kunoa ncha kwa ulimi tuache: baadhi ya rangi zina kadimiamu, na manyoya yenyewe hujui ni ya mnyama gani.

Tutazame kitu kimoja kwa karibu. Tuseme mnapanga meza ya vita vya Shela, vilivyopiganwa hapa kisiwani Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na mkononi una askari wa Lamu mwenye kanzu nyeupe. Wengi hupaka nyeupe moja kwa moja, matabaka manne, matano, ikatoka kama chokaa na mikunjo ikazibika. Anza na kijivu chepesi chenye kahawia kidogo. Kikikauka, tia kivuli kwenye mikunjo tu, kwa buluu au kahawia iliyopunguzwa kwa midiamu ya akriliki, yaani gundi ya rangi isiyo na rangi yenyewe, pamoja na maji. Maji matupu yakizidi, rangi hupoteza mshiko na kuacha pete. Kidimbwi kikijikusanya, kifyonze kwa brashi safi yenye unyevu. Kikishaanza kukauka usikiguse, kitachanika. Kisha rudia kijivu cha kwanza ukiiruka mikunjo, na nyeupe halisi iende mabegani na kwenye migongo ya mikunjo, basi. Mwenye shaka ashuke ufukoni saa kumi jioni akazitazame kanzu za watu: weupe mtupu ni mchache. Upande wa kivuli huchukua buluu ya mbingu, na karibu na ukuta wa matumbawe hugeuka manjano.

Uso nao usiangazwe kwa nyeupe. Ngozi ya kahawia ikitiwa nyeupe hupauka, kama mtu aliyetoka baharini asijipake mafuta. Ongeza rangi ya machungwa au manjano ya udongo. Kipaji, pua na mashavu vitapata uhai.

Vanishi pia, kwa unyevu wetu, ipakwe kwa brashi. Ya kupuliza ni rahisi kuacha ukungu mweupe.

Katika kila kundi la askari watano, mmoja aandikwe tarehe chini ya kitako na asirekebishwe tena. Baada ya makundi matatu wapange pamoja, uwatazame kwa umbali wa mkono ulionyooka. Kasoro inayojirudia kwa wote ndiyo ya kushughulikia kwenye kundi lijalo, hiyo moja tu.

Brashi, rangi na maji viko hapa mezani. Anayetaka kujaribu kwenye ukucha, karibu, asogee.